Nyuzi za Buluu Tumboni mwa Perege

Faiza alipozaliwa, mjomba wake Salat alimpa ngamia jike wa kitovu, kama ilivyo desturi ya ukoo wao huko Balambala. Kwa desturi hiyo hiyo, mjomba na mpwa huitana abti, kila mmoja kwa mwenzake.

Miaka ikapita, ukame ukala mifugo, akabaki binti mmoja tu wa ngamia yule. Faiza alirudi kutoka chuoni na shahada ya viumbe wa majini, akamshawishi mjomba wamuuze ngamia huyo, wachimbe bwawa la perege kando ya mfereji wa Tana. Wafugaji wenzake walimuuliza Salat kama perege hukamuliwa asubuhi au jioni. Alicheka nao, akasema abti wake amesoma, basi.

Upande wa juu wa mfereji, maji yanakotoka, Timiro, rafiki wa Faiza tangu darasa la kwanza, aliongoza akina mama wanaofuma shuka. Faiza ndiye aliyewaambia waache nailoni, watumie pamba: pamba ni mmea, ikianguka majini itaoza. Baadaye akasoma zaidi, akajua kwamba pamba iliyotiwa rangi na dawa hukawia mno kuoza. Aliona aibu, lakini alirudi kumwambia Timiro kwamba amekosea. Wote wawili wakachimba shimo la mchanga la kuchuja maji ya kusuuzia shuka. Timiro akaapa wallahi, hata uzi mmoja hautaingia mferejini.

Wiki ya tisa tangu watiwe bwawani, perege wadogo walianza kuelea wamekufa. Faiza alipasua mmoja kwa wembe. Tumboni mlikuwa na kidonge cha nyuzi za buluu, zimesokotana, hakuna hata nafasi ya chakula. Wa pili vivyo hivyo.

Alipanda hadi shimoni. Mchanga ulikuwa mkavu, buibui ametanda utando ukingoni. Timiro alikuwa ndani ya mfereji, maji magotini, akisuuza shuka.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya pili, walaal, dada yangu. Shimo lako linachelewesha kazi." Hakuinua macho. "Na nani hapa anamlilia samaki?"

Hapo ndipo Salat alipofika akimfuata mpwa wake, samaki wafu wamejaa kwenye ncha ya kikoi chake. Akamuuliza Timiro kama nyuzi zile ni zake. Timiro alijibu kwa adabu kwamba ni zao, na kwamba Faiza mwenyewe aliwaambia pamba haina madhara.

"Ulisema hivyo, abti?"

"Nilisema, abti. Kisha nikarudi kusema nimekosea. Timiro, mweleze habari ya shimo."

Timiro aliikamua shuka mpaka tone la mwisho.

"Lile? Lile ni la mchanga wa kujengea."

Salat alilitazama shimo kavu na utando wake. Kisha akafunga kikoi vizuri, samaki wasimwagike.

"Nenda nyumbani, Faiza," alisema; safari hii hakumwita abti. "Mlango wa maji ya bwawa nitaufunga mwenyewe."