Sifa Aliyopewa Qali

Qali alitoka kwenye chumba cha mahojiano pale kwenye kambi ya wakimbizi ya Ifo kichwa kimemvimba kidogo, Mungu amsamehe. Alikuwa amemsimulia afisa mgeni jinsi mumewe alivyouawa mbele ya macho yake, ng'ambo ya mpaka, na hakudondosha hata chozi. Afisa akamtazama, akatamka neno moja la Kiingereza: calm.

"Ndiyo nini hiyo?" alimwuliza mkalimani, Naimo, ambaye walikimbia vita pamoja kutoka kijiji kimoja.

"Mtu aliyetulia, abaayo, dada. Amekusifu. Mara ya pili tulia hivyo hivyo."

Qali akaona kumbe wageni nao wana adabu. Kwa kina Qali pia mjane halii ovyo mbele za watu. Anayepiga mayowe huonekana anagombana na Mola wake. Basi mahojiano ya pili akajikaza zaidi, kwa ajili ya bintiye Idman, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari alishasema matibabu yake yako ughaibuni, na njia ya kufika huko ilikuwa afisa huyu. Macho makavu, mikono mapajani. Afisa akamwuliza Naimo jambo, Naimo akajibu kwa mkato. Qali akatabasamu. Maskini, akatabasamu!

Jibu likaja kwamba hawakumwamini. Ombi la kuhamia ughaibuni limekataliwa.

Idman alikuwa ameketi kando yake siku ile, na Kiingereza cha shule kilimtosha. "Hooyo," alimwambia mama yake, "afisa alimwuliza Naimo kama wanawake wa kwetu husimulia vifo kwa utulivu namna hii. Naimo akasema hapana."

Qali alimkuta Naimo akianua nguo, akamwuliza bila hata salamu. Naimo hakukana. Afadhali angekana.

"Nafasi ni chache, Qali. Dada yangu naye anangoja, ana watoto."

"Na wangu haishiwi pumzi akienda bombani tu?"

Uchungu huu ulizidi ule wa msiba wenyewe, maana waliomuua mumewe hawakuwahi kula naye sahani moja.

"Siku walipomchukua baba Idman kwenda kumzika," alisema, "nilipofungua mdomo nilie, nani aliniziba kwa kiganja, akaniambia ninyamaze, nisimkosee Mungu?"

Naimo alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ni mimi," alisema.