Aibu Iliyogombaniwa

Watu hugombania urithi, hugombania wachumba, hugombania hata kiti cha mbele harusini. Shigeo Tatematsu yeye aligombania aibu, na wala haikuwa aibu yake, ilikuwa ya kampuni. Kwa miaka mingi, kila Kampuni ya Magari ya Asagiri ilipovurunda, yeye ndiye aliyesimama pembeni kwenye kipaza sauti, akatamka kwa sauti ya msibani, "Sasa uongozi utaomba radhi," na wazee watatu wenye suti nyeusi wakainama kwa pamoja mbele ya kamera. Breki zilipogoma, ni yeye. Mikanda ilipokatika, ni yeye. Jiji zima la Nagoya halikuwa na mwandishi wa habari asiyemjua. Mkewe alikuwa akimtania kwamba amefunga ndoa na makosa ya watu wengine, naye hakukasirika, maana alijiona fundi.

Halafu ikaja milango ya Komado. Komado ni kigari cha familia ambacho mlango wake wa ubavuni husukumwa kurudi nyuma, na komeo la mlango huo likaanza kuachia gari likiwa mwendoni. Huko Tajimi mtoto wa darasa la kwanza aitwaye Ritsuki aliona nyumba yao kwa mbali, akafungua mkanda wa kiti mapema kama watoto wafanyavyo, na kwenye kona ya mwisho mlango ukafunguka wenyewe, akaangukia nje. Alivunjika nyonga na mguu. Kampuni ikatangaza kuyaita magari yote ya aina hiyo yarudi kutengenezwa, na mkutano wa kuomba radhi ukapangwa. Tatematsu akapeleka suti yake nyeusi kwa dobi.

Mkurugenzi Isurugi alimkuta kwenye korido.

"Tatematsu-san, safari hii pumzika, bwana. Kurimoto atausimamia mkutano."

"Kurimoto?"

"Damu changa. Wewe umeshawainamisha watu vya kutosha."

Mkurugenzi akacheka, na Tatematsu akacheka naye, kwa kuwa mkubwa akicheka hukai kimya. Lakini chakula cha mchana siku hiyo alikirudisha kama alivyokipokea. Nanao Kurimoto alikuwa binti aliyetoka Tokyo juzijuzi tu, kutoka kwenye biashara ya matangazo ya sabuni. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, ila wahenga hao hawakuwahi kuajiriwa Asagiri.

Mazoezi yalifanyika kwenye chumba cha mikutano, na Tatematsu alikaribishwa kukaa nyuma kama mzazi kwenye mahafali. Kurimoto alimsimamisha Mkurugenzi mbele ya kioo.

"Mkurugenzi, saa hiyo uivue."

"Saa ina kosa gani?"

"Haina kosa, ni nzuri mno. Ukiinama itachungulia kwenye mkono wa shati, na nchi nzima itaacha kukusikiliza ianze kuulizana bei."

Watu wakacheka. Tatematsu hakucheka. Miaka yote ile hakuwahi kuitazama saa ya mtu, na sasa hilo likamchoma kuliko tusi.

"Na usiinuke kwa kuhesabu moyoni," Kurimoto akaendelea. "Sikiliza kamera. Zikiwa bado zinalia, wewe bado una deni. Zikichoka, inuka polepole." Kisha akageuka nyuma. "Kaka Tatematsu, nisahihishe nikikosea. Mimi mgeni kwenye haya."

"Wewe ndiye mtaalamu," Tatematsu akajibu. Angekuwa na kiburi, huyu binti, ingekuwa nafuu. Alikuwa na adabu, tena alimnunulia kahawa ya kopo na kukumbuka kwamba hunywa isiyo na sukari. Mwenye husuda hana adui mbaya kama mtu mwema.

Siku hiyo hiyo, wenzake wakiwa wameshuka kula, simu ya kitengo chao cha habari ililia, akaipokea yeye.

"Hapo Asagiri? Mimi ni Hibino wa Tajimi. Bibi yake Ritsuki."

Tatematsu alisimama wima, ingawa hakuna aliyemwona. "Mama, poleni sana. Mtoto amelalaje?"

"Amelala na vyuma mguuni, mwanangu. Anauliza kama ataruka kamba tena." "Mlimtuma wakala wenu wa magari wa huku aombe ruhusa mje kutuona, baba yake Ritsuki akamfukuza. Zile ni hasira za baba. Mimi nimeongea naye, zimepoa. Sasa nasema njooni. Lakini njooni kabla ya hiyo televisheni yenu ya kesho. Mkishainamia kamera kwanza, kwangu msije tena. Sitaki makombo."

"Nimekusikia, mama. Una haki kabisa."

Walizungumza kwa kirefu. Alimsikiliza akilia, akamwambia na yeye ana mjukuu, na kila neno alilosema lilitoka moyoni. Tumpe haki yake hapo. Alipoweka simu chini alinyanyuka na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mikutano kumwambia Kurimoto, maana bado kulikuwa na muda wa kwenda Tajimi na kurudi. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa aliposikia sauti ya Mkurugenzi ikivuma ndani.

"Kurimoto, ungekuja mapema tusingekuwa tunainama ovyo miaka yote hii!"

Wakacheka tena. Miaka yote hii, yaani yeye. Tatematsu aliuachia mlango. Atamwambia jioni, alijisemea. Jioni ikafika, Kurimoto akapita akiwa anazungumza na Mkurugenzi bega kwa bega, naye akasema atamwambia asubuhi. Asubuhi aliamka akijua vizuri kwamba hatasema, na kwamba anataka kumwona binti yule akianguka mbele ya watu. Alitaka hivyo kama mwenye kiu anavyotaka maji.

Mkutano ulianza. Mkurugenzi aliinama bila saa mkononi, kichwa chini, mgongo umenyooka, mpaka kamera zikachoka kweli. Hakuna aliyewahi kuinama vile Asagiri. Tatematsu, aliyekuwa ukutani nyuma ya waandishi, aliuma shavu kwa ndani. Kisha mwandishi mmoja wa kike akasimama.

"Mkurugenzi, mmeshakwenda kwa familia ya mtoto?"

"Tuliomba ruhusa. Familia bado haiko tayari kutupokea, nasi tunaheshimu hilo."

"Ajabu. Nimetoka kwa bibi yake leo. Anasema alipiga simu kwenu jana akawaita, tena akawaomba mfike kabla ya mkutano huu. Kainamiwa nani, basi? Sisi?"

Ukumbi ukachafuka. Ndiyo ile saa Tatematsu aliyoisubiri, na kwa kitambo kidogo ilikuwa tamu. Ndipo Kurimoto akaacha kipaza sauti, akatoka hadi katikati ambapo wasemaji wa kampuni hawasimami.

"Simu ile ilipigwa kwenye kitengo changu," alisema. "Sijui ilipotelea wapi, lakini kitengo ni changu, na kosa ni langu. Mkurugenzi hakuambiwa. Bibi Hibino, tumekukosea mara ya pili." Akainama peke yake. Safari hii kamera zilinyamaza haraka, kana kwamba zenyewe ziliona haya.

Usiku ule kila kituo cha runinga kilirudia picha zake. Mchambuzi mmoja aliyezoea kuwararua watu alisema kwamba Asagiri wanaye walau mtu mmoja. Mke wa Tatematsu akaongeza sauti ya runinga. "Mwanamke wa shoka huyu! Yuko kitengo chenu?" Tatematsu alikwenda kulala, na usingizi ukamkataa.

Kesho yake Mkurugenzi aliwatuma wawili hao Tajimi kama washenga, wakaombe upya ruhusa ya yeye mwenyewe kufika. "Tatematsu, wewe mtu wa zamani, unazijua desturi. Mwongoze." Njiani Kurimoto hakuuliza lolote kuhusu simu. Tatematsu alibeba boksi la halua ya maharage, ile nzito, maana ukienda kuomba radhi zawadi nyepesi ni matusi, na alijiona amerudishiwa nusu ya heshima yake.

Bibi Hibino alifungua mlango lakini hakuwakaribisha. Walisimama kwenye kijiukumbi cha kuvulia viatu, bado wamevaa vyao.

"Tumekuja kuomba radhi, mama," Tatematsu alianza.

Uso wa bibi ukafunguka. "Ah! Sauti hii naijua. Wewe ndiye mwanangu wa kwenye simu! Mwenye mjukuu!" Akamgeukia Kurimoto. "Huyu alinisikiliza mpaka nikaona haya. Nikamwambia Ritsuki, kule kuna mtu mmoja mwema. Sasa hebu niambie, baba, ulimwambia nani ambaye hakusikia? Maana wewe najua ulisema."

Kurimoto aligeuka akamtazama Tatematsu. Alielewa yote, na Tatematsu aliona kwamba ameelewa. Wala hakukunja uso. Alimwelekea bibi, akaanza kuinama.

"Aliniambia mimi, mama. Ni mimi niliye—"

Kilichompanda Tatematsu hakikuwa toba. Amechukua kipaza sauti, amechukua Mkurugenzi, amechukua sifa za runinga mpaka sebuleni kwangu, na sasa anataka kuchukua na dhambi yangu, tena kwa uzuri kuliko ambavyo ningeifanya mwenyewe!

"Nyamaza, Kurimoto!" alipaza sauti. "Hili ni langu! Sikumwambia mtu, mama. Nilikuelewa kila neno, na sikumwambia mtu. Nilikuwa namwonea wivu huyu."

"Wivu?" Bibi aliwatazama mmoja mmoja. "Mmeoana?"

"Wa kazi, mama. Wa nani asimamie kuomba radhi."

Bibi Hibino alitazama boksi la halua mkononi mwa Tatematsu. "Mtoto wangu ana vyuma mguuni," alisema hatimaye, "na ninyi mnagombania kuinama."

Tatematsu aliinama. Mbele ya aliyekosewa hujiinui mwenyewe, unangoja mpaka yeye aseme inua uso, nao wengi husema upesi kwa huruma. Alingoja. Aliona vidole vya miguu vya bibi ndani ya soksi nyeupe, havikusogea.

"Binti," bibi akasema, "lete hilo boksi, uvue viatu uingie. Chai ipo."

"Na yeye, mama?"

"Si alitaka kuinama? Mwache."

Boksi liliondolewa mkononi mwake. Viatu vya Kurimoto vilipangwa vizuri pembeni ya vyake, nyayo zikapanda ndani. Baadaye vikombe vikagongana, na sauti ya bibi, imepoa sasa, ikamuuliza Kurimoto kwao ni wapi. Tatematsu alibaki ameinama pale ukumbini, akitega sikio asikie atajibu nini.