Nyumba ya Safia, Kiwanja cha Bi Zakia

Safia alikuwa amechoka hata kabla ya kuanza kutafuta shahidi. Mama yake, Bi Zakia, alikuwa amesahau karibu kila kitu isipokuwa njia ya ziwani. Safia akizama kidogo kwenye cherehani, bibi anafungua mlango, anateremka. Mara ya mwisho wavuvi walimrudisha amelowa hadi kifuani, huku akiwatukana.

Mgongo wa Safia nao ulikuwa umegoma kunyanyua mtu mzima. Mume amekufa, watoto hakujaaliwa. Akaimeza aibu, akaomba nafasi kwenye makao ya wazee nje ya mji. Nafasi ikapatikana. Kikwazo kikawa nyumba.

"Mzee akiwa na nyumba, inapangishwa na kodi inamtunza," Bwana Luhende, afisa ustawi wa jamii, alimweleza kwa upole. "Sasa ile mnayokaa pale Pasiansi ni ya nani?"

"Yangu. Nimeijenga mimi."

"Una hati?"

Hakuwa nayo. Upande wao watu walijenga kwa kuaminiana. Luhende akamtuma kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akataka jirani aliyeona nyumba ikijengwa. Majirani wa zamani wengine wamekufa, wengine wameuza na kuhama. Aliyebaki ni Mama Hellen, na huyo hawakuwa wakisalimiana tangu wagombane juu ya mtaro wa maji ya mvua.

Safia alimkuta akianika dagaa uani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

Akaeleza shida yake akiwa amesimama, maana hakukaribishwa kukaa. Mama Hellen alitandaza dagaa wake hadi wakaisha.

"Kwa hiyo mama yako unampeleka kwa wageni."

"Simwezi tena, mama. Ningemweza, nisingekuja kwako."

Mama Hellen akajifuta mikono kwenye kanga. "Kesho nitakwenda. Lakini nitasema nilichokiona, siyo unachokitaka wewe."

Na kweli, mbele ya mwenyekiti hakuuma maneno. "Tofali nilimwona akizibeba kichwani, yeye na marehemu mumewe. Nyumba ni jasho lake. Ila kiwanja ni cha Bi Zakia. Aliachiwa na mume wake, na sijamsikia hata siku moja akisema amempa mtu."

Safia alihisi uso ukimwaka. Mama yake alimpa kiwanja kwa mdomo, jikoni, wakiwa wawili tu. Lakini neno la jikoni nani atalishuhudia? Hata aliyelitamka halikumbuki.

Bwana Luhende alipopata barua ya mwenyekiti alipendekeza wagawane: Safia abaki ndani, vyumba viwili vya mbele vipangishwe, kodi iende makaoni. Kimoja ndicho alichokuwa akishonea.

"Sawa," Safia akasema. Nguvu za kukataa hakuwa nazo, na alipojiuliza kwa haki, hakuona pa kukatalia.

Jioni Mama Hellen alisimama mlangoni kwake, hakuingia.

"Umenikasirikia."

"Nimechoka tu."

"Siku ya kumpeleka uniite. Peke yako hutaweza kumpandisha kwenye bajaji."

Siku ilipofika alikuja bila kuitwa, amevaa gauni la kanisani. Wakamshika Bi Zakia huku na huku. Bibi alimkodolea macho Mama Hellen.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Mimi jirani yako, bibi."

"Aa. Karibu sana, mwanangu."

Makaoni walimpokea vizuri. Aliwekewa ugali na samaki, akala kwa hamu, na Safia alipoaga hakuinua kichwa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Alirudi nyumbani, akajitupa kitandani na baibui lake, bila hata kuvua viatu. Hakulia. Alilala hadi adhana ya magharibi, akaisikia, akageukia ukutani na kuendelea kulala.