Mkahawa Aliouchagua Gerishon

Nikutegee kitendawili hiki kwanza, na usikimbilie kujibu: viko viwili, havina meno, hula maneno ya watu kutwa nzima wala havishibi. Ni nini? Kama hujui, kaa nacho. Gerishon alikuja kukifumbua mezani.

Gerishon wa Ruiru alipoenda London kusomea ualimu, alimwambia mchumba wake Waithira amngoje. Mwaka mzima barua zilikuja, na karibu zote zilikuwa za chakula. Ati huko mtu haingii tu popote njaa inapomshikia. Unatembea kwanza, unachungulia madirishani. Ukiona kitambaa cheupe mezani, maua kwenye glasi na orodha ya vyakula mlangoni, hapo ndipo pa kukaa. "Nikirudi," aliandika, "nitakula kwako, sitakula kwa mwingine."

Kisha barua zikakatika. Waithira akaandika ya mwisho, mstari mmoja tu: "Ukirudi utakula kwa nani?" Hakujibiwa.

Miaka miwili ikapita. Mwaka wa 1951 akasikia sokoni kwamba Gerishon amerudi, amevaa tai, na anamposa Waceke, binti ya Mzee Gathogo. Jumamosi angewakaribisha wakwe Thika, na alikuwa anatafuta hoteli inayomfaa mtu aliyetoka Ulaya.

Waithira hakulia. Siku hizo alikuwa amehamia Thika, ana kihoteli chake cha chai na maharagwe, na Gerishon hakujua. Alizitoa zile barua chini ya godoro akazisoma kama fundi anayesoma vipimo. Akanunua amerikani, akashona vitambaa vya meza. Maua akayaomba misheni. Orodha ya vyakula akaiandika kwa chaki kwenye ubao mlangoni. Akamvisha Dismas, mhudumu wake, kanzu nyeupe.

"Mama, sasa niwe nainama kila mtu akiingia?" Dismas akauliza. "Wateja wetu watadhani naumwa na tumbo."

"Inama tu, baba. Ni wiki hii peke yake."

Alhamisi Gerishon akapita akichagua. Hoteli ya kwanza aliikataa kwa sababu ya nzi. Ya pili, benchi zake zilikuwa na mafuta. Kwenye ya tatu alichungulia dirishani, akatabasamu. Nyuma ya pazia la jikoni, Waithira alibana mwiko mpaka vidole vikauma.

"Hapa ni kama London kabisa," Gerishon akamwambia Dismas. "Jumamosi mtuchinjie mbuzi."

Jumamosi wakaja: Mzee Gathogo, wazee wenzake wawili, Waceke na shangazi yake. Kila mmoja akawekewa nyama inayomstahili. Sahani ya Gerishon ililetwa imefunikwa, na Dismas akainama sana. Gerishon akashika uma na kisu, akafunua.

Masikio mawili ya mbuzi. Basi.

"Kai!" mzee mmoja akaguta. Kwetu masikio ni ya watoto, wapate kusikia wanapoambiwa. Hayawekewi mwanamume aliyekuja kuposa.

"Nani amepika upuzi huu?" Gerishon akafoka.

Pazia likafunguka, Waithira akatokea. "Ni mimi. Nimekupa mengine, maana yale uliyoenda nayo Ulaya yaliziba. Nilikuuliza neno moja. Leo nakuuliza mbele ya wazee: ukirudi, utakula kwa nani?"

Gerishon akamgeukia Mzee Gathogo. "Baba, huyu mama simjui..."

Waithira akatua zile barua juu ya kitambaa cheupe. Mzee Gathogo hakujua kusoma, akamsukumia binti yake. Waceke akasoma polepole, kwa sauti, mpaka pale pa "sitakula kwa mwingine." Akaikunja barua vizuri, akainuka, akaenda kusimama mlangoni na shangazi yake.

Mzee Gathogo akairudisha nyama yake sahanini. "Kijana, umeulizwa. Hapa hakuna atakayekula kabla hujajibu."

Gerishon akatazama kitambaa, akatazama maua, akatazama ule ubao wa chaki mlangoni. Vyote alikuwa ameviandika yeye mwenyewe katika zile barua. Akaweka uma chini, akaokota sikio la kwanza kwa mkono.

"Kwako, Waithira," akasema. "Nilisema nitakula kwako."