Sala ya Alfajiri na Usingizi wa Nesi

Somo la uhuru wa dini lilinikuta na kesi yangu mwenyewe. Mimi husali alfajiri, tena kwa sauti. Nikisali kimoyomoyo, mawazo hunitoroka yakaenda kwenye cherehani na nguo za wateja. Sasa chumba cha jirani kahamia nesi, anayerudi kazini usiku mkubwa. Usingizi ukianza tu kumkolea, nami ndipo naanza. Alivumilia, mwisho akashtaki. Mwenye nyumba akaniambia, "Mama, ama unyamaze, ama utafute chumba kingine."

Kwa hiyo jioni ile mwalimu alipoandika ubaoni "Uhuru wa kuabudu", moyo uliniruka. Nikasema, fimbo yangu hiyo.

Darasa letu ni la watu wazima, lakini madawati ni ya watoto. Magoti yanakaribia kidevu. Ninakaa na mume wangu, seremala. Yeye hasali. Nimemwombea tangu tuoane, naye hugeukia upande wa pili akavuta shuka. Masomoni alijiandikisha kwa sababu, eti, hawezi kula chakula cha jioni akitazamana na kiti kitupu.

"Katiba inamlinda anayesali, anayesali tofauti, anayebadili dini, na asiye na dini kabisa," mwalimu alisema. Ni kijana, rika la kitinda mimba wetu.

"Asiye nayo analindwa na nini?" dereva wa lori akauliza.

"Na mke wake!" akajibu mume wangu. Darasa zima likacheka.

Mwalimu naye alicheka, kisha akatupa zoezi: kila mtu amtetee asiyeabudu kama yeye. "Mama, anza na huyo hapo pembeni yako."

Nilisimama. "Huyu," nikasema, "hajanizuia hata siku moja. Nikipitiwa na usingizi, ndiye huniamsha nisali. Nami nikimlazimisha, yatakayopigwa sakafuni ni magoti tu, mwenyewe hatakuwepo. Mungu hajaniajiri uaskari." Nikaketi upesi. Maneno hayo sikuwahi kuyasema hata katika sala.

Zamu yake ilipofika, alijikuna kichwa kama anayetafuta penseli sikioni. "Mimi siamini anavyoamini. Lakini sauti yake ndiyo saa yangu. Najua anaanza na watoto, anakuja kwa mama yake, halafu mimi. Na kwangu, jamani, anakaa!"

"Mzigo mzito huo!" dereva akapiga kelele.

"Mzito kweli. Ila anayetaka kumfunga mdomo, apitie kwangu kwanza."

Nilijifuta macho kwa kitambaa cha ubao. Mpaka leo wananitania kwa ile chaki usoni.

"Basi nimeshinda, mwalimu? Nikamwambie mwenye nyumba?"

Mwalimu akaweka chaki chini. "Kusali hawezi kukukataza, mama. Lakini nesi naye ana haki ya kupumzika. Uhuru wako haumtoi yeye kitandani."

Fimbo yangu ikaanguka. Tukarudi nyumbani. Nilijiona nimeshika vitu viwili, chumba na sala, na lazima nidondoshe kimoja.

Kesho yake nilimkuta mume wangu amehamisha kila kitu. Kabati kubwa ameliegemeza kwenye ukuta wa nesi, na mgongoni mwa kabati hilo amepigilia godoro letu la zamani. Mkeka wangu wa kusalia ameuvusha upande wa pili, umekaa sakafuni kando ya mto wake wa kulalia.

"Haya, sali," aliniambia, akatoka kumgongea nesi. "Mwanangu, ingia ndani kwako, ulale, usikilize."

Nikasali. Nesi akatoa kichwa dirishani. "Nasikia kama mvua ya mbali, baba."

"Mvua inakuamsha?"

"Mvua ndiyo inanilaza."

Mwenye nyumba aliposikia wamepatana, alisema tu kwamba kabati lisikwaruze rangi.

Alfajiri nilipiga magoti, uso wangu umekaribiana na wa mume wangu kitandani.

"Nitakupigia kelele sikioni, mzee wangu."

"Mimi nimeshtaki kwa nani?" alisema, macho kayafumba.

Nilivuta pumzi nianze na watoto, kama siku zote. Akanigusa bega.

"Leo anza na nesi. Amechoka yule. Mimi nitasubiri zamu yangu."