Vipimo vya Dereva wa Kifaru

Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla mashine za kuchomelea hazijaanza kelele zake, mama fundi alimsimamisha mwanawe juu ya meza ya kukatia nguo ili mgongo wake usimsumbue kwa kuinama. Pini zilikuwa mdomoni, chaki mkononi. Suruali ya sare ilikuwa inamfunika viatu vyote.

"Simama wima."

"Nimesimama, mama."

"Basi usijikunje."

"Sijajikunja. Ndio mimi mzima huyu."

Akapima, akaandika kwenye karatasi ya vipimo: urefu, sentimita mia moja thelathini na tisa. Siku alipoajiriwa alikuwa na mia moja themanini na nane, na watu wa karakana wakampa jina la Mrefu. Waliendelea kumwita hivyohivyo, kwa sababu jina likishazoeleka halina pa kwenda.

Karakana ilikuwa ya jeshi, na ndani yake kulikuwa na kifaru kimoja cha majaribio. Kila boresho lilifungwa humo kwanza, likipendeza ndipo vifaru vingine vifungiwe. Mama fundi alishona sare, vifuniko vya viti na maturubai. Mrefu alikuwa dereva wa kifaru hicho.

Boresho la kwanza lilikuwa bitana. Ndani ya chuma lilibandikwa tabaka nene la nyuzi ngumu, ili kombora likigonga kwa nje, vipande visiruke ndani na kuua watu. Mama fundi aliliunga mkono, maana koti bila bitana si koti. Lakini kifaru kwa nje kilibaki na ukubwa wake uleule, kwa hiyo bitana ikala nafasi ya ndani, na watu waliokaa ndani wakapungua kwa kiasi hicho. Hakuna aliyeugua. Walishuka, wakanawa mikono, wakaenda kula, ila siku hiyo walivuta viti karibu zaidi na meza.

Boresho la pili lilikuwa darubini ya kuona joto la mtu gizani, pamoja na skrini zake. Wakapungua tena. La tatu lilikuwa mashine ya kupakia makombora kwenye mzinga, ambayo ilikaa mahali alipokuwa akikaa mpakiaji na ikamega nafasi ya wenzake pia. Mpakiaji aliandikiwa barua ya kuondoka, akaenda zake nyumbani na urefu wake uliobaki. Mkuu wa kifaru, kwa kuwa husafiri ametoa kichwa nje, alipungua mwili tu. Kichwa kilibaki kile cha zamani, na mama fundi hakuwahi kugusa kofia yake.

Kilichomkaa mama fundi rohoni kilikuwa boresho la nne. Mrefu alikuwa na binti wa darasa la pili, mwenye sentimita mia moja ishirini na mbili. Kila boresho lilimla baba yake kama sentimita kumi na sita, na hesabu iliyobaki haikuhitaji shule kubwa. Mama fundi alikuwa amevumilia mengi, lakini mpaka wake aliuweka hapo: mjukuu asije akamtazama baba yake kwa kuinamisha shingo.

Boresho lenyewe lilikuwa kiyoyozi, na kilipangwa kufungwa ubavuni mwa dereva. Akaenda kulalamika. Stoo wakamwambia nenda ofisini, ofisini wakamwambia anza stoo, na baada ya kupigwa danadana siku mbili akaingia kwa mhandisi mkuu bila kuitwa.

"Karibu, mama. Kiti kimechanika?"

"Kiti kizima. Nimekuja kwa habari ya kiyoyozi. Kifungeni nje, pale nyuma, pana chuma kitupu."

"Nje kitapigwa risasi."

"Haya. Basi walau watoto waliomo ndani wapate ubaridi."

"Ubaridi ni wa kompyuta, mama. Bomba linakwenda moja kwa moja. Kompyuta ikipata joto inazima."

"Na mtu akipata joto?"

"Mtu anatoa jasho, anaendelea." Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo huku akimsogezea kiti.

"Mwanangu amebaki hivi," akasema mama fundi, akaonyesha kwa kiganja.

"Najua. Karatasi zako zote ninazo."

Akafungua jalada. Kila karatasi ya vipimo ilikuwa imebanwa pamoja na mchoro wa kifaru. Mama fundi miaka yote alidhani karatasi zile zinakwenda stoo ya nguo.

"Wewe ndiye unayetusaidia," mhandisi akasema. "Ukileta vipimo, tunaona dereva amepungua kuliko tulivyotarajia, na juu ya magoti pamebaki nafasi. Mchoro hauwezi kuwa na nafasi tupu, ndipo tunatafuta cha kuweka. Hiki kiyoyozi, kwa mfano, kimetokana na karatasi yako ya mwisho."

Mama fundi alizitazama tarakimu zake. Zilikuwa safi, zimesimama kwenye mstari, kama alivyofundishwa akiwa mtoto.

Aliporudi kwenye cherehani alisali kwanza. Alimweleza Mwenyezi Mungu waziwazi uongo anaotaka kuuandika, ili asije akausikia kwa watu wengine. Kisha akachukua karatasi mpya, akaandika: mia moja themanini na nane.

Kamati ya maboresho ilifika Alhamisi. Mhandisi akawasomea karatasi mpya kama ilivyo, kwamba kwa urefu huo kiyoyozi hakiingii. Mwenyekiti wa kamati, ambaye tumbo lake lisingepita kwenye mlango wa dereva hata likisukumwa, akaomba kumwona dereva.

"Mrefu, shuka chini tukuone," mpiga mzinga akamtania.

"Wewe nyamaza, unavaa viatu vya binti yangu," Mrefu akajibu. Akapiga saluti, akaingia mlangoni bila kugusa kingo, akakaa. Mwenyekiti akamulika tochi ndani.

"Mbona nafasi tele? Karatasi imekosea."

"Haijakosea, afande," akasema mama fundi. "Hivyo ndivyo nilivyowakabidhi mwanangu."

"Sisi tunapima alivyo sasa."

"Na mimi nauliza kwa nini yuko hivyo."

"Kwa sababu anatosha," mwenyekiti akajibu bila hasira, akampa kalamu nyekundu arekebishe.

"Mama, andika tu," Mrefu akasema kutoka ndani. "Watu wana kazi."

Akakata namba ya uongo, akaandika ile ya kweli, akatia sahihi. Uongo ulikuwa umemlemea tangu alipouandika. Ukweli ulimlemea zaidi.

Kiyoyozi kilifungwa kwa siku nne na kompyuta ikapoa vizuri sana. Mrefu alishuka amelowa jasho, ana sentimita mia moja ishirini na moja. Nyumbani binti yake alisimama naye mgongo kwa mgongo, akamshinda kwa sentimita moja, akafurahi. Hakumdharau hata kidogo. Kesho yake alimshika mkono kumvusha barabara, akimwambia atazame kushoto na kulia, na mama fundi, aliyekuwa nyuma yao na kikapu, akaona afadhali angemdharau.

Sasa Mrefu akawa haoni mbele. Vioo vya kuonea njia vilikuwa juu ya paji la uso wake, akaendesha kwa kukisia. Aliangusha uzio, kisha pipa la maji, akapewa barua mbili za onyo. Ya tatu ingekuwa ya kufukuzwa.

"Nishonee mto wa kukalia, mama."

"Nishone mto, au niwaambie washushe kioo?"

"Kioo kipo kwenye mchoro. Mto ni wako tu, nani atauuliza?"

Akaushona kwa turubai, akaujaza pamba, na kila mshono aliuombea. Jumatatu iliyofuata akaufunga mwenyewe kwenye kiti. Mhandisi mkuu akapita, akauminya kwa kidole gumba, uso ukamchangamka.

"Unene wake?"

"Sentimita saba. Kwa nini?"

Mhandisi alikuwa ameshafungua daftari. Aliandika: boresho la tano, mto wa dereva.

"Hilo si boresho. Ni mto wa mwanangu."

"Ukishaingia humu ni wa kifaru, mama." Akachora. Chini mto umeongeza saba, juu ni chuma, na chuma hakisogei. Akatoa saba kwenye mia moja ishirini na moja, akapigia jibu mstari, akamgeuzia mama fundi daftari atie sahihi mahali palipoandikwa mbunifu.

Injini ikawaka. Kutoka chini, kwenye mlango wa dereva, ikaja sauti nyembamba kuliko ya asubuhi.

"Mama, naona barabara yote mpaka mwisho."

"Vizuri, mwanangu," akasema mama fundi, akainama zaidi ili amsikie.