Kivuli Kwenye Shavu la Mkuu

Hivi wewe una haya kweli? Ungekuwa nayo usingeifungua hiyo chupa mbele yetu, ukakizungusha kifuniko polepole hivyo, krak, ukumbi mzima ukasikia, maji ya dukani, baridi, chupa imetoka jasho, yamepangwa kwenye meza kuu mbele yako na mbele ya mwalimu mkuu na mbele ya katibu wako, katika mkutano wa kuzungumzia maji ya tenki la shule yaliyowalaza watoto wetu hospitali, na unakunywa, koo linapanda linashuka, halafu unajifuta midomo kwa leso iliyopigwa pasi na kusema kwenye kipaza sauti, ndugu wazazi, tushirikiane... ndiyo maana huyu tumembatiza Bwana Tushirikiane, mkuu wa elimu wa wilaya nzima, kila lango la shule lina bango la uso wake na maneno Familia Kwanza, kwanza kwenye nini sijui, kwenye kulaumiwa labda, na hilo neno ushirikishwaji amelitafuna tangu tuketi mpaka limechacha, mimi kazi yangu ni kuhariri vitabu, miswada mibovu naijua kwa harufu, hotuba hii ningeikata yote nikabakisha salamu, na salamu yenyewe ningeitilia shaka... "Ofisi yangu ilitimiza wajibu," anasema, "bomba lingine hapa hakuna, hilo mnalijua, kwa hiyo tulipopata majibu ya maabara tuliwatumia wazazi wote ujumbe kwenye simu, watoto waje na maji ya kuchemsha kutoka nyumbani, wasiguse ya tenki. Ujumbe ulitoka mapema, kabla hata mtoto mmoja hajaumwa tumbo. Sasa mzazi akiwa hasomi, jamani, nije nimsomee?" Na watu wanacheka! Wanacheka, kicheko kile cha kuinamisha kichwa, cha mtu anayeomba asitajwe, na wote tumekaa kwenye madawati ya wanetu, magoti yamegusa videvu, watu wazima tumekunjwa kama nguo, lakini mama mkwe wangu hacheki, yuko hapa ubavuni, miwani puani, simu yangu mkononi mwake, alininyang'anya pale mlangoni, "Lete nione mwenyewe, mwanangu," mwanangu ya baridi kuliko hiyo chupa, na kidole chake kinapandisha ujumbe, kinashusha, tangazo la mkopo, salamu za dada yangu, tangazo la mkopo tena, wa shule hauoni, na kila asipouona midomo inazidi kubana, kwake ujumbe usipokuwapo maana yake nimeufuta... na nimefuta? Usiku nimeilaza simu kifuani nikajiuliza hivyo hivyo, labda niliufuta nikidhani ni matangazo, labda nilikuwa na mswada wa mtu, labda mimi ndiye yule mama wanayemsema, na mume wangu kando ya kitanda cha mtoto hospitalini hakupandisha hata sauti, angepandisha ningejitetea, alisema tu, "Simu unaoga nayo, ujumbe wa shule ndio hukuuona?" na binti yetu katikati yetu, mkono umefungwa kwenye kibao ili sindano isichomoke, midomo imepasuka, "Mama, nina kiu," hiyo tu, kiu, nikamwinamia sikioni nikamwambia nisamehe mama, nisamehe, na yeye kwa sauti ya karatasi akaniuliza, umefanya nini?... umefanya nini, nimeshindwa kumjibu mtoto wa darasa la pili, na mama mkwe akatoa hukumu huku anakunja khanga, "Akitoka hapa atakaa kwangu. Kwangu simu ni moja, na tunaisoma," nikamtazama baba wa mtoto aseme kitu, akawa ananyoosha shuka, shuka lililokwisha kunyooka, ananyoosha tu, na leo jioni binti akiruhusiwa ndiyo hivyo, vinguo vyake bibi kashavipakia, begi liko kwenye buti ya gari hapo nje... "Mwenyekiti, naomba kuongea!" nani huyu, ah, baba mwenye tai, yule wa kuwahi kiti cha mbele, anasimama, anavuta suti, "Mimi binafsi ujumbe niliupata, nikausoma, nikauzingatia, na ninamshukuru mkuu kwa kutujali," na anakaa, amejaa, kama mtoto aliyejibu swali la hesabu, na mwanawe amelala kitanda cha tatu kutoka kwa binti yangu, jana nilimshikia beseni akitapika! Uliuzingatia kwa lipi, baba? Ulimchemshia nini? Lakini mama mkwe kashausikia ushahidi, ananigusa kwa kiwiko, "Unaona? Wenzio waliupata," na hapo ndipo kichefuchefu kinaponipanda kweli, si cha Bwana Tushirikiane, yeye nimemzoea kama harufu ya mfereji, ni cha sisi, maana nageuza shingo nawatazama, huyu anafuta kioo cha simu, yule ameificha chini ya dawati na kidole kinapandisha kinashusha, mama wa pembeni macho mekundu, anapandisha anashusha, ukumbi mzima unautafuta ujumbe kwa siri, kila mtu amejikunja na aibu yake peke yake akidhani wengine wote ni wazazi wazuri, na hakuna, hakuna hata mmoja, wa kusimama aseme mimi sikuupata... mimi pia nimekaa... "Isije ikasemwa nimetunga," anasema Bwana Tushirikiane, "katibu, waonyeshe majibu ya wazazi," na katibu anachelewa, anagusa kompyuta kama sufuria ya moto, mkuu anamkazia jicho, basi ukutani inatokea picha ya kundi la kuchati kwenye simu, juu ujumbe, yaani kwanza uso wake, mkubwa, unacheka, halafu maandishi ya tahadhari chini yake madogo kama maelezo ya dawa, kisha majibu, asante mkuu, umetisha mkuu, ujumbe umekaa vizuri sana mkuu, viganja vya kupiga makofi, viganja, viganja... umekaa vizuri? Mzazi akiambiwa maji yana sumu anajibu umekaa vizuri? Ngoja, huko chini, jibu la mwisho, nusu limemezwa na ukingo wa ukuta, nasoma kama ninavyosoma mswada, neno kwa neno, mkuu picha imetulia, ila shavu la kushoto lina kivuli, tukurekebishie kabla haujaenda kwa wazazi... kabla haujaenda. Kabla. Nalisoma tena na kitu kinashuka ndani yangu, taratibu, kama tope kwenye glasi, kumbe hao si wazazi, ni watu wa ofisini kwake, ni wale wa kumsifu kwanza, na mimi nimelala na simu kifuani, nimemwomba mtoto mwenye kiu msamaha kwa sababu ya shavu, na tayari nimesimama, goti limegonga dawati, sauti yangu sijaijua, "Samahani mkuu, huyo wa mwisho, anayesema shavu lina kivuli, ni mzazi wa nani?" na watu wanainua macho ukutani, wanasoma, naona midomo ikisoma, na baba mwenye tai anaikuta kamba ya kiatu chake ghafla, na mkuu, "Hayo ni mambo ya ndani ya ofisi, mama, tusitoke nje ya mada, tushirikiane..." lakini hakuna anayecheka, simu moja inawekwa juu ya dawati, kisha nyingine, ta, ta, ta, vioo vikitazama juu, na chupa yake imekwisha anaikamua tu, na mimi sioni furaha niliyoitegemea, naona tu kwamba usiku huu sitatafuta tena kitu kwenye hii simu, na begi lililo kwenye buti nitalishusha kwa mkono wangu, na jibu la mtoto ninalo, sikufanya kitu, mama, sikufanya kitu, wala sitamsubiri baba yako amalize kunyoosha shuka... kitu kizito kinatua kwenye kiganja changu, ni simu yangu, mama mkwe ameirudisha, hanitazami, miwani ameielekeza meza kuu, na sauti yake ya sokoni inaipita ile ya kipaza, "Baba, mjibu mke wa mwanangu. Ujumbe ulitutumia, hukututumia?" Katibu ameufunga mdomo kwa mkono. Na Bwana Tushirikiane anaishika leso, anaitazama, anaiweka chini, anasahau kwamba kipaza sauti kiko wazi.

"Haukwenda," anasema. "Niliushika mimi. Nilikuwa nangoja picha."